SoilGrids kwenye tambarare za kichanga: iulize habari za nyanda, usiiulize habari za shamba

Tambarare ya kichanga yenye mawimbi mepesi humdanganya mtazamaji. Ukisimama katikati yake unaona ardhi ya namna moja: mteremko wa asilimia 1 hadi 3, migongo mipana inayopanda taratibu, mabonde yasiyo na kingo, na tofauti ya kimo isiyofika mita 9 kati ya juu na chini. Ukichimba, habari ni nyingine. Mgongoni mchanga unaweza kushuka mita mbili na zaidi bila kubadilika, na hatua mia moja kuelekea bondeni ukakuta mfinyanzi kwenye sentimita 50. Kina hicho cha kufikia mfinyanzi ndicho kinachoamua wapi muhogo utaoza na wapi utanenepa, wapi mbolea itashuka na maji na wapi itabaki. Huduma yoyote ya ramani za udongo ikiletwa kwenye nchi ya aina hii, swali la kwanza ni kama inaiona tofauti hiyo.

SoilGrids, huduma ya mtandaoni ya ramani za udongo za dunia nzima, haiioni. Hata hivyo ni huduma ya kufunguliwa kabla ya nyingine zote, kwa sababu yapo maswali mengine inayoyajibu vizuri, na inayajibu bure. Tatizo kubwa ni watumiaji kuichukua namba yake na kuipeleka moja kwa moja kwenye mfuko wa mbolea.

Inatolewa na ISRIC, taasisi ya taarifa za udongo duniani iliyoko Wageningen, Uholanzi. Toleo la miraba ya kilomita 1 lilitangazwa mwaka 2014, la mita 250 likafuata 2017, na toleo la 2.0, ambalo ndilo linalozungumziwa hapa, lilielezwa kitaalamu mwaka 2021. Msingi wake ni vipimo kutoka sehemu takriban 240,000 duniani zilizochimbwa na kupimwa, vikaoanishwa na tabaka zaidi ya 400 za taarifa za mazingira: mvua, joto, sura ya nchi, uoto unaoonekana kwa setilaiti. Kompyuta hujifunza uhusiano kati ya hayo mawili, kisha hukadiria sifa za udongo kwa kila mraba katika vina sita: sentimita 0–5, 5–15, 15–30, 30–60, 60–100 na 100–200. Ukibofya penye shamba lako, unachokisoma ni makadirio. Kama hakuna shimo lililochimbwa karibu, na kwenye nyanda kavu za mchanga mashimo ni machache, makadirio hayo yameegemea udongo wa mbali unaofanana na wako kwa hali ya hewa na sura.

Sifa inayoipa huduma hii heshima ni kwamba haifichi wasiwasi wake. Kwa kila sifa na kila kina inatoa wastani, mediani (thamani ya katikati), na mipaka miwili: asilimia ya 5 na asilimia ya 95, yaani kwa makadirio yake kuna nafasi moja tu kati ya ishirini kwamba ukweli uko chini ya mpaka wa kwanza, na moja kati ya ishirini kwamba uko juu ya wa pili. Wengi husoma wastani na kufunga ukurasa. Kwenye kichanga mipaka ndiyo ya kusomwa kwanza. Tuseme mediani ya mfinyanzi kwenye sentimita 30–60 ni asilimia 12, mpaka wa chini ni 4 na wa juu ni 28. Hiyo 12 peke yake haina maana kubwa, kwa kuwa kati ya 4 na 28 kuna safari nzima kutoka mchanga mtupu hadi udongo unaonata mkononi. Mipaka ikiwa mipana namna hiyo, ramani inakuambia waziwazi kwamba pale pachimbwe. Ikiwa finyu, tuseme 3 hadi 9, unaweza kupanga safari ya kwanza kwa kuamini kwamba uko kwenye mchanga mrefu.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa mraba. Mita 250 kwa 250 ni hekta 6.25. Mahali ambapo mgongo na mgongo vimeachana mita 300, mraba mmoja unameza mgongo, ubavu na sehemu ya bonde, kisha unatoa namba moja. Namba hiyo si ya mgongo wala si ya bonde. Mara nyingi ni ya udongo usiokuwepo popote ndani ya mraba. Mgongo wenye mfinyanzi asilimia 5 na bonde lenye 35 hukutana kwenye 15 hivi, na mkulima akipanda kwa kufuata 15 atakosea pande zote mbili. Ukiangalia ramani ya mahali kama hapo unaona rangi moja tulivu, na utulivu huo ndio wa kutiliwa shaka.

Kosa la pili linatokana na njia yenyewe ya kukadiria. Mfumo wa aina hii huchukua majibu ya miti mingi ya maamuzi, yaani mifuatano ya maswali ya ndiyo au hapana, na kuyaweka pamoja, kwa hiyo kilichokithiri husogezwa kuelekea katikati. Mchanga wa asilimia 94 huelekea kutoka kwenye ramani ukiwa na asilimia pungufu, na mfinyanzi mzito wa bondeni hutoka ukiwa mwepesi kuliko ulivyo. Kwenye udongo wa tifutifu hasara ni ndogo. Kwenye mchanga, pointi tano za mfinyanzi zinaweza kuwa nusu ya uwezo wote wa udongo kushika virutubisho, kwa hiyo ramani inaelekea kuusifia mchanga wako kupita unavyostahili. Ichukulie namba ya mfinyanzi mgongoni kama dari.

Kosa la tatu ni la kina, na kwa nyanda hizi ndilo zito kuliko yote. Pale mchanga unapolalia mfinyanzi, mpito huwa wa ghafla: kwa upana wa vidole vinne unatoka kwenye mchanga unaomwagika na kuingia kwenye udongo unaofinyangika. SoilGrids hugeuza ngazi hiyo kuwa mteremko. Utaona mfinyanzi ukipanda pole pole, 9, 11, 15, 19, 23, kana kwamba udongo unakolea kidogo kidogo. Hakuna mahali kwenye mchoro panapokuonyesha kwamba maji ya mvua yatasimama juu ya bamba hilo la mfinyanzi na kuiozesha mizizi wiki mbili baada ya mvua kubwa. Mfululizo wa namba unaopanda hivyo chini ya sentimita 30, kwenye nchi inayojulikana kuwa ya kichanga, usiusome kama udongo unaokolea. Usome kama dalili ya bamba lililojificha, na uende na keekee ya kutobolea udongo.

Vipimo vyake vina mtego

Ili mafaili yasiwe mazito, namba huhifadhiwa bila desimali na lazima zigawanywe. Mfinyanzi, silti (chembe zilizo kati ya mfinyanzi na mchanga kwa ukubwa) na mchanga viko kwa gramu katika kilo: gawanya kwa 10 upate asilimia. pH imezidishwa mara 10, kwa hiyo 58 ni 5.8. Uzito wa udongo kwa ujazo uko kwa sentigramu katika sentimita ya ujazo: 155 ni 1.55. Kaboni ya udongo iko kwa desigramu katika kilo: 40 ni gramu 4. Nitrojeni iko kwa sentigramu katika kilo, nayo hugawanywa kwa 100, si 10, na hapo ndipo watu wengi hujikuta na udongo wenye rutuba mara kumi ya ukweli. Uwezo wa kubadilishana kationi, yaani uwezo wa udongo kushikilia virutubisho visiondoke na maji, hugawanywa kwa 10.

Jaribu kwa hesabu ya kaboni kwenye sentimita 30 za juu. Kaboni gramu 4 kwa kilo, uzito 1.55: hekta moja ina mita za ujazo 3,000 za udongo huo, sawa na tani 4,650, na kaboni yake ni tani 18.6. Ukipata 186, umesahau kugawanya mahali fulani.

Jambo jingine la kulinganisha ni mpaka kati ya mchanga na silti. Maabara nyingine huanza kuhesabu mchanga kwenye milimita 0.05, nyingine 0.063, na data zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zina zote mbili. Tofauti ya pointi chache kati ya cheti cha maabara na ramani inaweza kutoka hapo tu, bila mtu yeyote kuwa amekosea.

Maji: hapa ramani inafaa kuliko watu wanavyodhani

Kuna tabaka tatu za maji yaliyomo kwenye udongo: kwa mvutano, yaani nguvu ambayo udongo unayashikilia maji, wa kilopaskali 10, 33 na 1,500. Ya mwisho ni kikomo cha kunyauka. Vitabu vingi hukuambia utoe 1,500 kwenye 33 upate maji yanayotumika na mmea. Kwa tifutifu na mfinyanzi ni sawa. Kwa mchanga utapata jibu dogo mno, kwa sababu matundu ya mchanga ni makubwa na maji yake mengi hutoka kabla mvutano haujafika 33. Tumia tabaka ya 10. Tuseme ramani inatoa 140 kwa kilopaskali 10, 105 kwa 33 na 60 kwa 1,500. Kila pointi ni milimita moja ya maji kwa kila mita ya udongo. Ukianza na 33 unapata milimita 45 kwa mita. Ukianza na 10 unapata 80. Mwongozo wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) namba 56 wa mwaka 1998 unaupa mchanga milimita 50 hadi 110 kwa mita, kwa hiyo 80 inaingia katikati na 45 inaanguka nje.

Ukishakuwa na 80, ratiba ya kumwagilia inajitokeza. Mizizi ya sentimita 60 ina akiba ya milimita 48. Usingoje iishe; mwagilia inapofika nusu, yaani 24. Mmea unaotumia milimita 6 kwa siku utakuwa umefika hapo siku ya nne. Kiasi cha kurudisha nacho ni hicho hicho 24 na upotevu wa mfumo wako, si 50, kwa sababu mchanga hauna pa kuweka ziada. Mvua nayo ni vivyo hivyo: milimita 40 zikinyesha kwenye mchanga uliokauka kabisa hujaza nusu mita. Mchanga ukiwa tayari umelowa, maji hayo yote hushuka chini ya mizizi ya kunde, na nitrojeni iliyowekwa jana inashuka nayo. Ndiyo maana mgongoni mbolea ya nitrojeni igawanywe mara tatu hata kama namba ya nitrojeni kwenye ramani inaonekana nzuri. Namba hiyo ni ya nitrojeni yote, na sehemu kubwa yake imefungwa kwenye mabaki ya viumbe hai. Mmea hauioni msimu huu.

Kwenye pH na chokaa tahadhari ni ya kinyume. Mchanga wenye uwezo wa kushika virutubisho (namba ile ya kationi ikishagawanywa) wa 3 au 4 hauna ubishi: chokaa kidogo huipandisha pH haraka. Dozi iliyopigiwa hesabu kwa udongo wa tifutifu wenye pH ile ile itapitiliza, na zinki na manganizi zitaanza kukosekana kwenye majani. Soma pH na uwezo wa kushika pamoja, kisha thibitisha kwa sampuli kabla ya kuagiza hata gunia moja.

Yasiyokuwemo

Fosforasi, potasiamu na chumvi hazimo. Kina cha maji ya ardhini hakimo. Ukubwa wa chembe za mchanga wenyewe haumo, na hili linaumiza: mchanga unaanzia chembe zinazokaribia vumbi hadi za milimita 2, na ramani inaziita zote mchanga. Mashamba mawili yenye asilimia 88 yanaweza kuwa mbalimbali kabisa. Chembe za milimita 0.1 hadi 0.5 ndizo zinazorukaruka kwa upepo na kukata miche; mchanga wenye chembe nyembamba zilizochanganyika na za kati pia hushindiliwa na matairi na kuacha bamba gumu kwenye sentimita 20 hadi 40 linalozuia mizizi. Mchanga mkavu kiganjani na kioo cha kukuza vinakuambia hili kwa dakika mbili.

Mchanga kukataa maji nao haumo. Dondosha matone ya maji juu ya mchanga mkavu wa juu na uhesabu. Yakizama ndani ya sekunde 5, hakuna shida. Yakikaa hadi dakika moja, tatizo limeanza. Yakizidi dakika, mvua ya kwanza itazama kwa vijia vichache na kuacha mabaka makavu, na mbegu zitaota kwa mabaka hayo hayo.

Majina ya aina za udongo yamo, pamoja na uwezekano wa kila aina. Arenosols ni kundi la udongo ambao kwa wastani si mzito kuliko mchanga-tifutifu hadi kina cha mita moja, na duniani linachukua takriban hekta milioni 900. Ukiona jina hilo, angalia ni kwa uwezekano wa asilimia ngapi. Jina lililoshinda kwa asilimia 30 limeacha 70 kwa wengine, na mmoja wa hao wengine ndiye anayekaa bondeni kwako.

Namna ya kuitumia bila kupotea

Anza na kimo. Data za kimo za Copernicus, mpango wa setilaiti wa Umoja wa Ulaya, zenye miraba ya mita 30 ni bure na zinaonyesha migongo ambayo SoilGrids imeimeza. Ila zinasoma uso wa juu, si ardhi: kichaka kizito bondeni huonekana kama kilima, na kosa la kimo linaweza kufika mita kadhaa pale ambapo tofauti yote ni mita 9. Linganisha na picha ya setilaiti ya kiangazi. Mchanga mwekundu wa mgongoni, uliovikwa chuma, na mchanga mweupe au wa kijivu wa bondeni, uliooshwa chuma hicho na maji yanayosimama, mara nyingi huonekana wazi kuliko kontua yoyote.

Kisha chora mstari mmoja kutoka kilele cha mgongo hadi katikati ya bonde, ukikata mteremko moja kwa moja. Toboa kila baada ya mita 30 hadi 50, na kwenye ubavu wa chini, ambako mabadiliko ni ya haraka, kila mita 15. Mashimo saba hadi kumi yanatosha mstari mmoja. Nenda hadi sentimita 120, au 150 ikiwezekana, na kila sentimita 10 uandike rangi, unyevu na namna udongo unavyojisikia. Lowesha kiasi cha mfuniko wa chupa, ukande, ukamue kati ya kidole gumba na cha shahada. Mchanga haufanyi utepe. Mchanga-tifutifu hutoa wa milimita 5 hivi. Tifutifu-kichanga 15 hadi 25. Ukipita 50 umefika kwenye mfinyanzi. Andika kina utepe unaporefuka ghafla. Namba hiyo moja, kwa mashimo kumi, ina thamani kuliko tabaka zote za ramani zikiwekwa pamoja.

Kwa kazi hii chagua keekee ya mchanga, ile yenye mabawa yaliyokaribia kufungana. Ya mfinyanzi ina mabawa membamba, na mchanga mkavu utamwagika wote kabla hujafika juu. Shimo likiporomoka, mwaga lita moja au mbili za maji, subiri dakika kumi, endelea. Chini ya maji ya ardhini maji hayo hayakusaidii. Shindilia bomba la plastiki na utobolee ndani yake.

Sampuli za maabara zichanganywe ndani ya sehemu moja ya nchi tu: za mgongo na za mgongo, za bonde na za bonde. Ukichanganya mgongo na bonde kwenye ndoo moja, umelipia maabara ikufanyie kosa lile lile la mraba wa mita 250.

Matumizi ya ardhi hupangwa kwa kufuata mstari huo. Mgongo wenye mchanga mrefu unafaa karanga, muhogo, kunde na uwele, kwa sharti kwamba angalau asilimia 30 ya uso ibaki imefunikwa na mabaki ya mazao hadi mvua. Ukiwa wazi ndio unaoanza kuhama na upepo. Ubavu wenye mfinyanzi kwenye sentimita 60 hadi 100 ndio mahali pazuri pa mahindi, kwani mizizi hufikia unyevu bila kusimama ndani ya maji. Mfinyanzi ukiwa karibu na uso, kabla ya kufika sentimita 40, fikiria mpunga au malisho.

Kwa wanaopakua data kwa ajili ya programu za ramani kama QGIS: usishushe faili la dunia nzima. Tumia huduma ya WCS, inayotoa kipande cha ramani tu, na ukate eneo lako. Data ziko kwenye Homolosine, mfumo mmojawapo wa kuichora dunia kwenye ramani bapa, kwa hiyo zikatwe kwanza, zibadilishwe baadaye kwenda mfumo wa ramani yako. Leseni ni CC BY 4.0: hata kampuni inaweza kuzitumia, mradi imtaje mtoaji.

Mwenye shamba Afrika alinganishe pia na iSDAsoil, yenye miraba ya mita 30. Migongo huonekana vizuri zaidi humo, na fosforasi na potasiamu zimo. Lakini vina vyake ni viwili tu, 0–20 na 20–50, kwa hiyo bamba la mfinyanzi lililolala kwenye sentimita 70 halimo kabisa, na kwa hilo keekee haina mbadala.